Kamera ya Juu ya Jukwaa

Rafiki yetu mmoja, fundi wa kamera za ulinzi, ana dharau kama paka wa tajiri, na siku hiyo alikuwa na haki nayo. Mwenye klabu ya muziki alikataa kamera zinazoona gizani, akajinunulia za bei ya chini, kisha akamwita mchana aje kuzifufua.

"Mzee, klabu yako giza tupu, wewe umenunua kamera za kupigia picha harusi!"

"Fundi, punguza mdomo. Ile ya juu ya jukwaa haionyeshi kitu."

Mwenye klabu akapanda ofisini kutazama skrini. Ukumbi haukuwa na dirisha, na taa alishazizima kwa ubahili. Fundi akabaki peke yake na tochi, juu ya ngazi ya mbao iliyoyumba na kulia kwii, kwii, kila alipovuta pumzi.

Akaifungua kamera. Lo! Ganda la plastiki, betri na kitaa chekundu cha kutishia wezi. Hata waya haikuwa nao. Alicheka mpaka tochi ikamponyoka, ikazimika chini. Akapapasa simu, akapiga.

"Mzee, umeuziwa kopo!"

"Kopo gani? Mbona sasa inaonyesha vizuri? Nakuona mpaka kipara. Ila mwambie mwenzako asinikodolee macho hivyo."

"Mwenzangu nani?"

"Si huyo anayekushikia ngazi."

Fundi akavuta pumzi, akasikiliza gizani. Ngazi ilikuwa imeacha kulia. Tangu lini, hakujua. Ila ilikuwa imetulia tuli.