Walimulisha Mutoto Wangu Musamaha

Nina miaka arobaini na mbili, nina watoto wanne, na ninaishi hapa Kalemie, si mbali na reli. Kazi yangu ni mawese. Ninanunua madumu huku, ninavuka ziwa mpaka Kigoma, ninarudi na sabuni na sukari. Sokoni wananijua kwa mudomo. Muntu akinipunja atasikia, na jirani yake atasikia. Lakini haya ninayowasimulia leo, wasomaji wenzangu, yalinishinda. Mimi huyu! Nilikosa neno.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Niliisikia methali hiyo tangu utoto, nikadhani ni maneno ya kupambia mazungumuzo tu.

Kaka yangu mukubwa, nitamuita Faustin, alikuwa na kazi nzuri kwenye reli. Baba yetu alipokufa, yeye njo alitulea. Mimi alinivalisha, alinisomesha, na siku ya ndoa yangu yeye njo alisimama mahali pa baba. Nilimupenda kaka yangu. Ninaandika hivyo bila aibu, juu ndiyo ukweli, na ndiyo sababu inauma mpaka leo.

Sisi ni Watabwa. Kwetu mutoto ni wa ukoo wa mama yake, na mukubwa wake ni mujomba. Mutoto akikosewa, mujomba njo anamutetea. Musichana akiolewa, mujomba njo anapokea wageni. Bwana yangu ni Mubembe, muvuvi kutoka kaskazini ya ziwa, na kwao baba njo mwenye watoto. Kwenye vikao vya familia yetu alikuwa anakaa karibu na mulango, na mimi nilikuwa ninamutania nikisema, Papa Riziki, huku kwetu wewe ni wa kuleta samaki tu. Tulicheka sana na hilo. Laiti ningejua!

Riziki ni binti yetu wa kwanza. Jina nimelibadilisha. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na kila siku akitoka shule alikuwa anapita kwa mujomba wake kungojea jua lipungue. Siku moja ya Mungu, tukitoka kanisani, nikamuambia tupite kusalimia kwa Faustin. Alikataa. Nikamuuliza sababu. Alikaa chini pale pale njiani, na nguo yake nyeupe ya kanisa, akalia mpaka akatapika. Halafu akaniambia.

Sitaandika alichoniambia. Daktari aliandika, inatosha. Mujue tu kwamba mujomba wake alimutendea jambo ambalo hata adui hamutendei mutoto, na si mara moja.

Nilimuamini? Ndiyo, nilimuamini hapo hapo. Mutoto hawezi kutunga kilio kama kile. Bwana yangu aliposikia hakupiga kelele. Alitoka nje, akakaa na nyavu zake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kesho yake tukaenda hospitali, na kutoka hospitali tukaenda polisi.

Hapo njo vita ilianza. Familia yote ilinigeuka. Walisema nimekuwa na wazimu, nimeuza damu yangu kwa serikali, ningeanzia kwenye kikao cha familia kwanza. Kikao? Na nani anaongoza kikao chetu? Si Faustin mwenyewe? Ningeenda kumushitaki mwizi kwa mwizi? Niliwauliza hivyo. Mama yangu alilia tu. Alisema nyumba yetu imekwisha.

Kesi ilichukua muda, lakini ilifika mwisho. Kaka yangu alihukumiwa kifungo kirefu. Nilipiga hesabu kichwani pale pale: atatoka Riziki akiwa mwanamuke mwenye nyumba yake na watoto wake. Nilitoka pale nikitembea kama muntu aliyetuliwa dumu kichwani. Nikamushukuru Mungu, nikasema yamekwisha.

Yamekwisha! Ujinga gani huo... Mimi sikujua kwamba muntu akihukumiwa anaweza kuomba mahakama ya juu imuhukumu upya. Hakuna aliyeniambia neno apeli. Avoka, wakili wa kaka yangu, aliweka apeli bila kuchelewa, na familia yote ilijua, mimi peke yangu nilibaki gizani.

Mama yangu akabadilika. Alianza kunisalimia tena, akaanza kuniletea sombe, majani ya muhogo. Alisema yaliyopita yamepita, tuishi. Nilifurahi, wasomaji wenzangu. Nani hafurahi mama yake akimurudia? Basi safari ya Kigoma ilipofika, na bwana yangu alikuwa kwenye uvuvi kaskazini, nilimuacha Riziki na wadogo wake kwa mama, kambo wao. Utamuachia nani mutoto kama si mama yako mwenyewe? Jirani?

Safari ile ilikuwa mubaya. Boti iliharibika, halafu upepo ukakaza, tukakwama ng'ambo. Niliporudi nilimukuta Riziki amekonda, macho yameingia ndani. Akiwekewa chakula, anasukuma sahani. Nikadhani ni malaria, nikamununulia dawa. Mama alisema ni ukubwa tu unamuingia, nisihangaike. Usiku mutoto alikuwa anakuja kushika mukono wangu, anaushika kwa nguvu.

Haukupita muda, nikapokea mwito wa mahakama. Nilienda kwenye biro, ofisi ya mahakama. Karani, kijana wa adabu, alinieleza polepole: Mama, kaka yako amekata rufani, mambo yatasikilizwa tena, na mutoto anaweza kuulizwa tena. Nilishika meza. Kuulizwa tena? Mutoto ambaye mara ya kwanza alitetemeka mpaka meno yakagongana?

Familia ikaniita kwa mama. Walikuja mashangazi, walikuja wadogo zangu. Walinibembeleza, halafu wakanitisha. Walisema watoto wa Faustin wamefukuzwa shule juu ya deni la minerval, karo yao, muke wake anauza makaa barabarani, yote hayo ni kazi ya mikono yangu. Walitaka niende kwa mahakimu niseme tulikosana na kaka yangu juu ya kiwanja, nikamutungia kesi. Bwana yangu alipojaribu kusema, shangazi mumoja alimukata neno. Alimuambia yeye ni mugeni, mutoto si wa kwao.

Nilikataa. Nilisimama nikawaambia hata munizike leo, sitasema uongo juu ya kidonda cha mutoto wangu. Wote walikasirika isipokuwa mama. Mama aliniangalia kwa utulivu, akasema, "Riziki amekwisha musamehe mujomba wake. Wewe njo umebaki na kisirani."

Nilidhani ni maneno ya hasira tu. Nikaenda zangu.

Siku ya kusikilizwa ilifika. Walifunga mulango, juu mushitaki ni mutoto, tukabaki wachache ndani. Kaka yangu aliletwa, amezeeka, hakuniangalia. Avoka wake alizungumuza Kifaransa kirefu, halafu akamuita shahidi. Shahidi alikuwa nani? Mama yangu mzazi. Alikuwa amevaa kitenge nilichomuletea mimi kutoka Kigoma.

Kwetu watu wakigombana, mwisho wa ugomvi ni sahani moja. Munanawa maji mamoja, munakula bukari, ugali wetu, pamoja, na kesi imekufa. Hakuna wa kuifufua. Ni desturi nzuri, sitaikana. Imepatanisha watu waliokatana mapanga juu ya shamba.

Sasa musikie mama yangu aliyosema. Alisema kwamba nilipokuwa Kigoma, alipika bukari na samaki wa mikebuka akampa Riziki abebe, wakaenda gerezani. Munajua wafungwa hapa wanakula chakula cha nyumbani, hakuna mulinzi anayeshangaa mutoto akileta sufuria. Wakaketi uani. Mujomba na mutoto wakanawa maji mamoja, wakala sahani moja, mpaka ikaisha. Kwa hiyo, alisema mama, kwa desturi yetu jambo hili limekufa, na anayelifufua anatafuta laana.

Mungu wangu! Mutoto wangu! Walimubeba mutoto wangu wakamuketisha mbele ya muntu yule, mukono wake na mukono wa yule kwenye bukari moja! Na mimi nilikuwa ninampa dawa ya malaria...

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba hakimu aliniamuru nikae, na bwana yangu alinivuta kwa kitenge.

Hakimu mukubwa alikuwa mama wa makamo. Alivua miwani, akamuita Riziki akaribie, akamuuliza kwa Kiswahili chetu hiki kama ni kweli alikula na mujomba wake. Riziki akasema ndiyo. Avoka akatabasamu. Hakimu akauliza tena, polepole, kwa nini alikula.

 Mutoto wangu akasema, "Kambo aliniambia nisipokula, mama atakufa kwenye ziwa. Nikala, juu mama arudi."

Wasomaji wenzangu, nimesikia maneno mengi maishani, lakini hayo nitazikwa nayo. Upepo ulikuwa umekaza kweli zile siku. Mutoto alikuwa anauona kila asubuhi, na kambo wake akimuonyesha. Ndiyo sababu alikuwa anashika mukono wangu usiku, anahakikisha nimefika.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Mahakama ilisema kosa kama lile halioshwi na sahani, na kaka yangu ana hatia kama ilivyosemwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeanza kulia kwa furaha, hakimu akaendelea. Juu hakuwahi kufungwa zamani, na juu ana familia inayomutegemea, kifungo kimepunguzwa karibu nusu. Nje watu wa kwetu walipiga vigelegele. Nilipiga hesabu yangu upya. Atatoka Riziki akiwa bado kwenye uniforme ya shule.

Nilikaa wiki nyingi bila kumutazama mama. Halafu nikaenda. Nilitaka ajibu neno moja tu: kwa nini? Alikuwa anachagua ndakala, dagaa wa ziwa, uani. Hakuacha kazi. Akaniambia, "Faustin ni mutoto wangu. Riziki ni wako. Kila muntu alilie wake."

 Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikilia njia nzima, watu wa pikipiki wakiniuliza kama nimefiwa. Niliwaambia ndiyo.

Leo mama yangu yuko hai, anapita sokoni, na mimi ninageuza uso. Munadhani ni rahisi? Ninamuota. Ninatamani hata kugombezwa naye. Riziki amerudi shuleni, anasoma vizuri, lakini akisikia upepo wa ziwa anaacha kila kitu na kunitafuta. Safari za Kigoma nimeziacha. Ninauza mawese hapa hapa, kidogo kidogo.

Akina mama wenzangu, ninawaomba kwa magoti. Mutoto akikosewa na muntu wa nyumbani, musikae mukisema serikali imemaliza. Hukumu ya kwanza si mwisho! Ulizeni kwenye mahakama kama aliyehukumiwa ameweka apeli, ulizeni tena, hata wakiwachoka. Na muda wote huo musimuache mutoto kwa muntu yeyote anayemulilia mufungwa, awe shangazi, awe mama aliyekuzaa. Mimi niliangalia sombe aliyoniletea, sikuangalia machozi yake yalikuwa ya nani. Na ninyi wazee, desturi ya sahani moja muiweke kwa watu wazima waliogombana. Mutoto hakugombana na muntu. Anapatanishwa na nini?

Juzi tulikuwa tunakula jioni. Riziki akauliza, kama muntu anayeuliza bei ya chumvi, siku yake ya kuolewa mujomba atakuwa ametoka, sasa nani atapokea wageni? Nilitafuta neno, nikakosa tena, mimi mwenye mudomo.

Bwana yangu aliacha kula. Yeye aliyekaa miaka yote karibu na mulango wa familia yetu, akasema, "Mimi njo nitawapokea."

Riziki akamuuliza, na kambo na wengine wakikataa kuja?

"Wasikuje," akasema.