Nilithibitisha Kuwa Picha Ni ya Zamani... na Yaya Wangu Akaenda!

Naitwa Sifa, nina miaka ishirini na saba. Ni mtoto wa wakulima wa maharagwe hapa Masisi, mashariki mwa Kongo, nina diploma ya fizikia, na sina kazi. Ndugu wasomaji, ninayowaandikia leo sijawahi kumwandikia mtu. Najua baadhi yenu mtanilaani. Nilianza kujilaani kabla yenu.

Niliporudi kutoka chuoni, vita vilikuwa vimefunga shule nilizotarajia kufundisha. Nikakaa nyumbani kwa wazazi, nikimenya mihogo na kuwaza. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Mtu akinisalimu kwa sauti ya chini, nitajiuliza wiki nzima nimemkosea nini!

Kitu kimoja tu kilinituliza: simu.

Tulikuwa na kundi la mtandaoni, watu zaidi ya mia mbili wa Masisi na Walikale. Tulizungumza mambo ya sayansi, teknolojia na habari za dunia. Je, setilaiti inaweza kumwona mtu akilima? Gesi iliyo chini ya ziwa inaweza kulipuka? Mawe yanayochimbwa kwetu yanafanya kazi gani ndani ya simu? Kila swali nilikuwa na jibu. Wakaniita Profesa. Mnajua ladha ya jina kama hilo kwa mtu asiye na kazi? Nilikuwa naamka, hata uso sijanawa, natafuta nani amesema, "Profesa, tusaidie."

Na ndani ya kundi hilo nilimuua kaka yangu.

Yaya Deo... yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu. Alikuwa motari, dereva wa pikipiki. Alikuwa anachukua jibini Nyamitaba, anaipanga kwenye vikapu, anaipeleka mpaka Walikale kwa njia ya Kashebere. Yeye aliacha shule ili mimi nisome. Hakuwahi kunikumbusha hilo, hata siku moja! Kinyume chake, alinitangaza kwa motari wenzake kama mtu anayetangaza ng'ombe wake bora.

Motari wa hapa wana desturi yao. Asubuhi hakuna anayeelekea Kashebere kabla pikipiki ya kwanza kutoka huko haijafika. Na ikifika, hawaamini maneno ya dereva. Wanainama, wanagusa matope kwenye magurudumu. Udongo wa huku ni mweusi, wa mlima wa Kashebere ni mwekundu. Wakikuta wekundu ambao haujakauka, wanajua njia ilikuwa wazi muda mfupi uliopita. "Muntu anaweza kudanganya," walikuwa wanasema, "lakini matope haina mudomo."

Mimi niliwacheka. Niliwahi hata kuandika kwenye kundi: dunia inatuma vyombo kwenye sayari nyingine, sisi bado tunapima usalama kwa kidole! Watu walicheka sana. Yaya Deo naye alicheka nilipomsomea.

Siku ile, saa tatu asubuhi, picha iliingia kwenye kundi. Lori lililoungua, limelala kwenye kona moja kabla ya Kashebere, moshi bado unatoka. Aliyeituma ni Papa Kasereka, mfanyabiashara wa asili ya Butembo mwenye duka la sabuni na chumvi pale Kashebere. Aliandika kwa kifupi: "Leo asubui. Musipite. Iko batu ya bunduki mu kona."

Kundi likawaka. Wengine waliogopa, wengine walisema ni uvumi wa kuwatisha watu. Kisha mmoja akaandika: "Tungojee Profesa."

Moyo wangu ulidunda kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha!

Nikaikuza picha ile. Nikaeleza kwamba imefifia, na picha hufifia hivyo ikiwa imepita simu nyingi, kwa hiyo si ya leo. Kisha nikatoa ushahidi wangu mkubwa. Nyuma ya lori kulikuwa na mstari wa mikaratusi. Mimi nilipita kona ile miaka mitatu nyuma na nikaona kwa macho yangu mikaratusi yote imekatwa kwa ajili ya makaa, vimebaki visiki. Kama kwenye picha miti imesimama, basi picha ilipigwa kabla haijakatwa. Ni ya zamani! Nimethibitisha!

Sifa zilimiminika. Papa Kasereka akajaribu tena: "Mutoto yangu, miye mwenyewe nimepiga hii foto na hii mikono yangu."

Nikamjibu, na maneno haya nitayabeba mpaka kaburini: "Papa, wewe uza sabuni. Mambo ya picha utuachie sisi tuliosoma."

Watu wakaangua kicheko. Papa Kasereka akatoka kwenye kundi.

Saa sita mchana yaya akanipigia kutoka kwenye kituo cha pikipiki. Hakuna pikipiki iliyokuwa imetoka Kashebere tangu alfajiri, na wateja wa Walikale walikuwa wanamngoja kwa siku ya tatu.

"Sifa, batu ya hapa banaogopa ile foto. Weye unasema aje?"

"Ni ya zamani, yaya. Nimethibitisha."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akacheka, nikamsikia akiwageukia wenzake. "Mumesikia? Mubaki na kugusa matope kama bazee ba zamani! Miye niko na Profesa kwetu." Kisha akaniambia atapita nyumbani kwake ale kwanza, halafu aondoke.

Saa saba niliichukua tena simu. Nitasema ukweli wote... Sikuichukua kwa sababu ya wasiwasi juu ya yaya. Niliichukua nisome tena sifa zangu. Nikaikuza picha tena, ili niifurahie hoja yangu.

Ndipo nikaona!

Ile mikaratusi haikuwa na shina moja moja. Kila mti ulikuwa na mashina mawili, matatu, membamba, yaliyotoka chini mahali pamoja. Yalikuwa yamechipua kutoka kwenye visiki! Mtoto gani wa Masisi hajui kwamba mkaratusi ukiukata unachipua tena, na kwa miaka mitatu unakuwa mrefu kuliko nyumba? Baba yangu anayo nyuma ya jiko. Nilikua nikiiona. Nikasoma, nikarudi, nikasahau kitu ambacho hata mbuzi wetu anakijua.

Miti ile haikuwa ushahidi kwamba picha ni ya zamani. Na ile hoja ya kufifia? Mtandao wa Kashebere ni dhaifu, kila picha ya huko inafika imefifia! Mzee wa watu alisema kweli.

Ndugu wasomaji, nyumba ya yaya ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Ningekimbia ningefika kwa tano. Kwa nini sikukimbia?

Niliwaza. Huo ndio ugonjwa wangu! Niliwaza: labda ni mikaratusi mingine. Labda nimeona vibaya. Nikisema nimekosea, nani ataniamini tena? Papa Kasereka atasemaje? Nikaandika kwenye kundi, "Ndugu, nadhani nilikosea..." nikafuta. Nikaandika, "Hata hivyo tuwe waangalifu..." nikafuta. Nilitafuta maneno ambayo yangemwokoa yaya bila kuniaibisha mimi. Maneno hayo hayakuwepo.

Saa nane na nusu nikampigia. Simu yake haikupatikana. Nikamwandikia: "Yaya usiende. Nilikosea. Picha ni ya leo." Alama moja tu ikaonekana. Ujumbe haukuwa umemfikia.

Siku ile alama haikubadilika. Siku ya pili pia. Sikula. Mama alidhani nina malaria. Mke wa yaya, Mama Esther, alikuja mara tatu kuuliza kama kuna habari, na mara zote tatu nilimtazama miguu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alama ya pili ikatokea!

Nikapiga kelele. Nikapiga magoti. Yaya yuko hai! Amefika kwenye mtandao, amepata ujumbe wangu! Simu ikaita mkononi mwangu, jina lake likaonekana. Nikasema, "Yaya! Yaya, nisamehe!"

Ikajibu sauti ya mzee.

"Mutoto yangu, hapana yaya. Ni Papa Kasereka wa Kashebere."

Walimkuta kwenye kona ile ile, hatua chache kutoka kwenye lori. Pikipiki na jibini vilikuwa vimechukuliwa. Simu ilikuwa ndani ya buti lake, ambamo motari wote huificha. Papa Kasereka na Wakristo wenzake walimzika karibu na kanisa, kwa sababu njia haikuruhusu kumleta.

Wiki iliyofuata mzee alikuja mwenyewe kutuletea simu ile na kofia ya yaya. Pikipiki iliyomleta ilikuwa na matope mekundu mpaka kwenye kiti. Baba alimshukuru kwa machozi. Nilingoja anitaje. Hakunitaja! Alipokuwa anaaga tu, alinishika mkono, akasema polepole:

"Nimesoma message yako. Sitaonesha muntu. Lakini iko mwanamuke mwenye haki ya kuisoma, na hapana miye nitamupelekea, ni weye."

Na kundi? Nilipotangaza msiba, waliweka mishumaa na mikono ya kuomba. Saa mbili baadaye mtu akauliza kama ni kweli betri inaharibika ukiiacha kwenye umeme siku nzima. Akaandika: "Profesa, ukipata nafasi, tusaidie." Nikatoka.

Nilikaa na siri yangu miezi miwili. Kisha nikampelekea Mama Esther ile simu, nikamweleza kila kitu, tangu mikaratusi mpaka maneno niliyoyafuta.

Hakulia. Aliendelea kuchambua maharagwe. Mwishowe akauliza:

"Uliona saa ngapi?"

"Saa saba."

"Saa saba alikuwa hapa," akasema. "Alikuwa amekaa pale kwenye ile kiti. Chakula ilikuwa haijaiva, akaomba tuingojee. Alitoka saa nane."

Mpaka leo hajanitukana, wala hajanisamehe. Napita kwake kila asubuhi kumsaidia shambani. Tunalima mistari miwili, yeye wake, mimi wangu.

Wenzangu mliosoma, nawasihi... Kukosea si dhambi kubwa. Profesa wa kweli hukosea. Lakini ukigundua umekosea, usitafute maneno mazuri. Simama, kimbia, piga kelele njiani hata watu wakucheke! Na mtu aliye mahali penyewe akikwambia, "Nimeona kwa macho yangu," usimwambie akauze sabuni.

Siku hizi, kabla ya kwenda shambani, napita kwenye kituo cha pikipiki. Inapofika ya kwanza kutoka Kashebere, nainama pamoja na motari. Nagusa matope kwa kidole. Hakuna anayenicheka. Natamani wangenicheka.