Madumu ya Uvunguni

Kila alasiri nikitoka chuo cha Kurani nilipita barazani kwa Bi Mwanaasha, jirani yetu hapa Uroa. Nilikaa ubavuni pake, akanipa miyaa, majani makavu ya kusukia, tukasuka ukili wa mikeka. Vidole vyake vilikwenda mbio huku macho yake yakiwatazama wapita njia. Vyangu vilikwama kila mara.

"Nasima, ukili gani huo? Umepinda hata nyoka hawezi kuufuata!" alinitania, kisha akacheka mwenyewe.

Siku hizo gumzo la kijiji kizima lilikuwa petroli. Bei ilikuwa imepanda, na ikavuma kwamba mwezi mpya itapanda tena. Baba yangu, Simai, huendesha gari ya kuchukua wageni wa hoteli. Jioni moja alirudi na madumu manne, akayasukuma uvunguni mwa kitanda changu.

"Baba, sisi hatuwezi kuishusha bei?" nilimuuliza.

"Mnyonge atashusha nini? Dawa yake kuwahi tu. Na akija mtu kuuliza, sema hamna."

Wala si yeye peke yake. Kila mwenye chombo alijaza dumu akaficha, na baada ya siku mbili tu pampu ya kituo chetu ikakauka. Mama aliacha kupika ndani kwa kuogopa moto. Mimi nililala na harufu ile, kichwa kikiniuma.

Jumamosi asubuhi nilikuwa peke yangu nyumbani. Baba kapeleka wageni Kendwa, mama yuko pwani kwenye mwani wake. Mara nikasikia, "Hodi! Hodi!" Alikuwa Hamid, mjukuu wa Bi Mwanaasha, jasho linamtiririka.

"Nasima, bibi kaanguka! Mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki. Gari ya jirani ipo, lakini haina hata tone. Baba'ko hajaacha mafuta?"

Lahaula! Madumu yalikuwa hatua kumi tu nyuma yangu. Lakini nilimwogopa baba. Nikasimama katikati ya mlango ili Hamid asiingie.

"Hamna, kaka Hamid."

Alinitazama kidogo, kisha akakimbilia nyumba ya pili. Huko nako aliambiwa hamna, na ya tatu vivyo hivyo. Bi Mwanaasha alipata gari ya samaki baada ya adhuhuri.

Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki mbili, hai, alhamdulillahi, lakini mkono wake wa kulia haufanyi kazi tena. Mama alisema, "Daktari kasema angeliwahi kufika, huenda ungelipona." Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nikamweleza baba yote.

Baba hakunigombeza. Alikaa kitandani pangu, akajifunika uso kwa viganja.

"Si wewe, mwanangu. Uongo huo nimekufunza mimi."

Siku ile ile aliyatoa madumu yaliyobaki akampelekea sheha, kiongozi wa kijiji, yawekwe kwa ajili ya wagonjwa. Kisha akawaendea madereva wenzake, mmoja mmoja. Wakakubaliana kila mtu anunue ya kazi yake ya siku, na wanaokwenda njia moja wapande gari moja. Bei haikushuka, lakini pampu haikukauka tena.

Baada ya hapo mimi na baba tukaenda barazani.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha."

"Marahaba." Maneno yalimtoka taratibu, kwa shida. Nikamweleza nilichofanya.

"Imeniuma, Nasima. Sikufichi," alisema. Kisha akamgeukia baba. "Simai, mafuta yanakuja kwa meli, bei ishapangwa mbali huko. Hatuishushi sisi. Lakini ule ukame wa pampu tuliuleta wenyewe, kwa kufichana. Mchuma janga hula na wa kwao. Mkiendelea kutumia kidogo na kugawana, kesho bei itakuwa ile ile, lakini mgonjwa hatakosa gari."

"Tusamehe, bibi," alisema baba.

"Nshakusameheni. Mkono ndio haurudi."

Miyaa ilikuwa pale pale ukutani. Bi Mwanaasha akashika mwanzo wa ukili kwa mkono wa kushoto, akaniashiria nishike upande wa pili. Nikawa mkono wake wa kulia. Ukili ulitoka umepinda vibaya, nami nikangoja anitanie. Hakunitania.