Dawa Tatu Ndani ya Chupa Moja

Lori la Tata lilikata kona bila breki. Mkaguzi wa dawa, Devyani Solanki, akainamia usukani wa pikipiki yake ya Royal Enfield, akakaza moto.

Redio ya makao makuu ikakwaruza sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Tai, lori hilo likiingia bandarini tumelikosa."

"Haliingii."

Alikuwa anatokota kwa hasira tangu asubuhi, alipotoka wodi ya watoto kule Rajkot. Kitanda cha mtoto aliyekufa kilikuwa kimeshatandikwa upya. Mama mtu alikuwa bado ameng'ang'ania chupa ya dawa ya kikohozi. Lebo ilitaja dawa moja. Maabara ilikuta tatu, mojawapo ya usingizi.

Mbele, kizuizi cha reli kikashuka. Lori likasimama, vumbi likatanda.

Gari jeupe aina ya Fortuner, lililokuwa likilisindikiza lori, likafunga breki nyuma yake. Akashuka Harshad Vora, mwenye kiwanda cha dawa ile, na mlinzi wake. Mlinzi akapeleka mkono kiunoni.

Devyani alimwahi.

Kiwiko cha koo. Teke la goti. Bastola ikaishia mtaroni.

Akavunja lakiri ya lori, akachomoa chupa, akaimulika kwa kifaa cha leza kinachosoma dawa bila kufungua kifuniko. Majina matatu yakatokea kwenye skrini.

"Binti, punguza jazba," Vora akatabasamu. "Kila dawa humo ina kibali chake."

"Ikiwa peke yake! Kuzichanganya nani alikuruhusu? Chumvi ina kibali, sabuni ina kibali. Kwako mnapikia dengu vyote viwili?"

"Nampigia waziri," Vora akasema, akibonyeza simu.

"Mpigie! Mwambie kuna mama Rajkot anataka kumwona."

Dereva, Jignesh Rabari, alikuwa ameshuka kimyakimya. Mkononi alishika chupa kama ile.

"Tajiri, hii umenipa mwenyewe leo. Mwanangu anakohoa. Nimpe, nisimpe?"

Vora akatazama reli.

"Sema, tajiri! Nimpe?"

Treni ikapita ikinguruma. Ilipokwisha kupita, Vora alikuwa ameshaanza kurudi kwenye gari lake.

Jignesh akaipasua chupa miguuni pa Vora.

"Wewe si mtu!" Akamgeukia Devyani, akamtia funguo za lori kiganjani. "Dada, mahakamani nitasema kila kitu. Kila kitu!"

Devyani akamfunga Vora pingu, akazikaza mpaka akaguna. Polisi walipofika, akawasukumia.

Redio ikakwaruza tena.

"Tai, waziri anakutafuta. Amekasirika."

"Mimi zaidi."

Akaizima, akapiga kiki, akaondoka bila kugeuka.