Vinundu kwenye Mizizi ya Maharage

Kila mwaka Tabea wa Mahongole alivuna maharage kama mama yake alivyovuna. Aliyang'oa na mizizi yake, akayaanika, akayapura. Kisha mashina na maganda yote aliyachoma uani, akachuja majivu kupata magadi ya kupikia mboga. Mumewe Elieza naye alikusanya mabua ya mahindi akayatia moto. Shamba lilibaki jeusi na safi. Wote wawili waliona hiyo ndiyo kazi nzuri.

Lakini mahindi yalizidi kuwa mabaya. Majani ya chini yaligeuka manjano mapema, na punje zilikuwa chache. Mwaka huo Elieza alisema udongo umekufa. Akasema atakwenda Makambako kupanda lori la wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, aende Tanga.

Tabea hakulia mbele yake. Kaka yake Tabea alipanda lori kama hilo kabla Lucia, binti wa Tabea na Elieza, hajazaliwa. Mpaka leo hajarudi.

Asubuhi moja ya baridi jirani yao Filemoni alimkuta Tabea aking'oa maharage. Filemoni aliwahi kufanya kazi chini ya Wazungu katika shamba la mfano la serikali. Tabea alimwonyesha mizizi iliyojaa vinundu. Akasema huo ndio ugonjwa unaoua shamba, naye anauchoma usienee.

Filemoni alipasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Shemeji, huu si ugonjwa," alisema. "Unachoma wafanyakazi wako."

Elieza, aliyekuwa akikusanya mabua karibu nao, alicheka. "Wazungu walikufundisha kuongea na mizizi?"

"Na wewe nani alikufundisha kulisha mawingu? Moshi wako wa kila mwaka ni chakula cha mahindi."

Filemoni akawaeleza. Ndani ya vinundu wanaishi vijidudu wadogo mno, jicho haliwaoni. Hewa ina chakula kingi cha mimea, lakini mahindi hayawezi kukichukua. Vijidudu hao hukichukua na kuyapa maharage. Mizizi ikiachwa ardhini ioze, sehemu ya chakula hicho hubaki kwa mahindi ya mwaka unaofuata. Vijidudu wengine hula mabua na samadi. Sehemu ya wanachokula hurudi hewani, kama sisi tunavyopumua. Inayobaki huwa udongo mweusi unaolisha mimea.

"Na magadi yangu?" Tabea aliuliza.

"Choma maganda kidogo, ya kukutosha chungu. Si shamba zima."

Elieza hakuamini. Hata hivyo alikubali kungoja. Wakapanga mabua, mashina ya maharage, majani mabichi na samadi, tabaka juu ya tabaka. Wakamwagia maji, wakafunika kwa nyasi. Elieza alisema lundo hilo likikaa tu kama takataka, atapanda lori linalofuata.

Siku chache baadaye umande uliganda juu ya nyasi. Elieza alitoka nje akaona lundo linafuka. Alikwenda haraka kwa Filemoni kulalamika kwamba mtu amelichoma. Filemoni alikuja, akamwambia atie mkono ndani. Elieza akautia, akautoa upesi. Mlikuwa na joto, lakini hamkuwa na kaa wala majivu.

"Nani amewasha moto humu?"

"Hakuna moto. Wanakula. Ndiyo joto lao hilo."

Elieza alitia mkono tena. Siku hiyo hakutaja lori.

Walikula viazi vya kinyungu, bustani yao ya bondeni, mpaka mvua iliponyesha. Lundo walilipindua mara kwa mara, likawa jeusi na laini. Walilitia kwenye mashimo ya kupandia, wakapanda mahindi na maharage pamoja. Mahindi hayakuwa ya ajabu, lakini yalikuwa ya kijani mpaka chini, na ghala lilijaa kuliko mwaka uliotangulia.

Wakati wa mavuno Elieza alikuwa akikata maharage kwa mundu, mizizi akiiacha ardhini. Lori la mkonge likapita barabarani. Vijana waliokuwa juu wakamwita kwa jina. Elieza aliinua mundu kuwasalimu, akainama tena.

Tabea aliketi kwenye tuta, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini, Mama Lucia?"

"Lori limepita."

"Acha lipite," alisema Elieza. "Nishikie gunia."