Mwanafunzi wa Kiti Kitupu

Kiti kilikuwa na joto, na hakuna aliyekuwa amekikalia tangu asubuhi. Daktari alikigusa kwa kiganja, akakigusa tena kwa mgongo wa mkono kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akajiambia ni jua la dirishani. Dirisha lilikuwa upande wa pili wa chumba, lakini hakuwa na muda wa kubishana na jua.

Wala hakuwa daktari bado. Jina hilo alipewa na mama yake siku alipopata nafasi ya chuo, na tangu afeli mtihani wa patholojia, elimu ya magonjwa, jina lilikuwa linamchoma kila akiitwa. Kitabu chenyewe kilikuwa kizito kama tofali. Alikisoma mwanzo hadi mwisho, akakipaka rangi ya njano kila palipoonekana pa maana, mpaka mistari isiyopakwa ndiyo ikawa inavutia macho. Akaingia kwenye mtihani amejaa, akatoka na sifuri za kutia aibu. Sasa ulibaki mtihani wa marudio, wa kuulizwa ana kwa ana na Profesa, na chuo kilisema wazi kwamba akifeli huo asirudi tena. Mama yake, fundi wa nguo, alikuwa amemsomesha kwa cherehani iliyokuwa inalia sebuleni kutwa nzima. Kila ikilia, Daktari alisikia inamsema yeye.

Aliyemfundisha habari ya kiti ni mwenzake wa darasani, waliyemwita Kamusi kwa sababu hakuna alichoulizwa akakosa.

"Wewe husomi, unatazama tu," Kamusi alimwambia kwenye simu. "Unapita kwenye kitabu kama mtu anayepita madukani hana hela. Kifunge. Tafuta mtu, mfundishe bila kuchungulia. Utakapokwama, hapo ndipo hujui."

"Nimfundishe nani? Mama ana nguo za watu."

"Weka kiti kitupu, jifanye kuna mwanafunzi. Mkaribishe kwa sauti, usione haya. Ukiona haya utanong'ona, na ukinong'ona utajidanganya."

Basi Daktari aliweka kiti mbele ya meza yake, akafunga mlango, na kwa hasira ya mtu aliyechoka kufeli akatamka kwa sauti kubwa: "Karibu, kaa. Nitakufundisha kila ninachojua, na usiniache mpaka uelewe."

Alianza na uvimbe, jinsi mwili unavyowaka ukijeruhiwa: wekundu, joto, kuvimba, maumivu. Alikwama. Akafungua kitabu, akakifunga, akaanza upya, akakwama mbele kidogo. Njia ile ilimkera kupita kiasi, maana ilimwonyesha ujinga wake waziwazi, lakini mambo yalianza kushika. Ndipo alipohisi lile joto la kiti. Kesho yake akasikia na harufu, kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, akatoka mbio hadi sebuleni na kukuta pasi ya mama yake imepoa kabatini.

Aliporudi chumbani akaendelea na somo. Kutoka kwenye kiti, pale ambapo mdomo wa mtu aliyekaa ungekuwa, sauti kavu na ya adabu ikasema:

"Mwalimu, sijaelewa."

Mtu mwingine angekimbia. Daktari alikuwa amekatizwa katikati ya sentensi aliyoihangaikia toka alfajiri, na hasira ilimtangulia hofu.

"Hujaelewa nini?" alifoka.

"Damu inajuaje pa kwenda?"

Akamjibu. Alipomaliza ndipo hofu ikamfika, akakaa kitandani akiutazama ule mto wa kiti, ambao ulikuwa umebonyea katikati.

Angeweza kuacha siku hiyo. Tatizo ni kwamba alikuwa amelijibu lile swali vizuri, bila kitabu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ushindi ulimnong'oneza kwamba ni uchovu tu, kwamba kichwa kikichoka husema chenyewe. Akaendelea. Na yule wa kitini hakuwa mwanafunzi mwepesi. Alitaka kujua kwa nini, na ukimpa sababu alitaka sababu ya sababu, na mchana mzima ukaisha wako kwenye ukurasa mmoja, huku mtihani unasogea na sura nzima nzima za kitabu hazijaguswa. Siku moja, kwa kuchoka kusumbuliwa kuhusu wekundu unaenea hadi wapi, Daktari alimkata kauli kwa jibu la kubuni: "Unaishia kwenye kiungo. Basi. Tuendelee."

Jioni mama yake alimwita sebuleni.

"Sindano imenidunga kidole, Daktari. Si kitu, lakini hebu kitazame."

Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile kinachosukuma kitambaa. Kilikuwa chekundu, cha moto, kimevimba na kuuma. Wekundu ulikuja hadi kwenye kiungo cha kwanza ukakatika, mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Hakuna mwili wa binadamu unaofanya hivyo. Hakuna kitabu kilichoandika hivyo. Ni yeye tu aliyesema.

"Kimeanza lini?" aliuliza.

"Mchana, ulipokuwa unasoma. Unasoma vizuri siku hizi, nakusikia. Na huyo mwenzako anauliza maswali mazuri."

Daktari alirudi chumbani, akajaribu kusoma kimyakimya kama zamani, na kila alichokisoma kilimwagika kama maji kwenye ungo. Nyuma yake kiti kililia taratibu, kama kinavyolia mtu anapojisogeza mbele ili asikie vizuri. "Mwalimu," sauti ikasema, "uliniambia nisikuache." Akaziba masikio. Akavumilia hivyo mpaka alipopigiwa simu na Kamusi kukumbushwa kuwa mtihani ni wiki hiyohiyo, na hapo, Mungu amsamehe, akageuka, akakabili kile kiti na kufundisha habari za usaha, halafu, kwa haraka, bila kutazama mto uliobonyea, akafundisha jinsi nyama inavyokufa mwili ungali hai, inavyopoa, inavyosinyaa, inavyogeuka nyeusi, akijiambia kwamba anasema na ukuta, kwamba akishafaulu atamtibu mama yake kwa mikono yake mwenyewe, kwamba kidole kimoja kilichochomwa na sindano hakiwezi kuhusika kabisa na maneno ya mtu aliyejifungia chumbani na kitabu.

Kesho yake ncha ya kidole ilikuwa nyeusi.

Kwenye zahanati waliwapa vidonge na kusema kisipobadilika kitakatwa. Mama alirudi akakaa mbele ya cherehani bila kuigusa, na Daktari akalia mpaka akakabwa na kwikwi, akamweleza mama yake yote. Mama hakumgombeza, jambo lililomuumiza zaidi. Alimpigia simu mtu.

Mganga alikuja na pikipiki, helmeti kwapani, jasho linamtiririka, na haraka ya mtu anayesubiriwa kwingine. Alisimama mlangoni mwa chumba, akanusa, akakunja uso.

"Huyu hakutumwa," alinong'ona. "Aliyetumwa namjua kumtoa. Huyu amekaribishwa. Nani alimkaribisha?"

"Mimi," Daktari alisema.

"Ukamwambia nini?"

Alipoambiwa, mganga alishika kiuno. "Nyie wasomi mtatuua. Sasa mimi nitamfukuzaje mwanafunzi wa mtu? Ananiangalia tu hapo, ananiona kama fundi bomba. Anakusikiliza wewe. Mwambie darasa limeisha, ataondoka."

"Na kidole?"

"Kitabaki alivyokiacha. Kama unataka kipone, mfundishe kwanza kuponya. Halafu ufunge darasa, na umwambie asirudi hata ukimwita. Usiache mwanya, dada. Hawa wanatii neno kama lilivyo."

Sura ya kupona kwa kidonda ilikuwa fupi, na Daktari aliidharau siku zote kwa kuwa ilitoa maswali machache. Sasa aliikariri, akafunga kitabu, akakaa mbele ya kiti, mganga yuko mlangoni na mama yuko nyuma yake ameshikilia mkono wake mbovu. Alifundisha polepole. Alieleza jinsi nyama iliyokufa inavyoliwa na kuondolewa, jinsi mishipa midogo ya damu inavyochipua, jinsi chembe mpya zinavyogawanyika na kujaza shimo, jinsi ngozi inavyotambaa kutoka kingoni ikafunika, na kadiri alivyosema ndivyo harufu ya kitambaa kilichoungua ilivyozidi mpaka machozi yakamtoka, na kiti kikasogea, miguu yake ikikwaruza sakafu, kikasogea tena, mpaka joto la asiyeonekana likampiga magotini, na nyuma yake akamsikia mama yake akivuta pumzi kwa mshangao, "Daktari, kinarudi, angalia, kinarudi rangi," naye hakuthubutu kugeuka.

"Mwalimu," sauti ikasema. "Nina swali."

Maswali! Mchana wote aliopotezewa, usingizi wote, kidole cha mama yake, vyote vilimpanda kichwani kwa pamoja.

"Hakuna maswali! Darasa limeisha! Nenda, na usirudi hata nikikuita!"

Mto wa kiti ukainuka taratibu, ukajaa. Harufu ikakatika. Mganga akavaa helmeti yake na kusema, "Haya," akaondoka. Kidole cha mama kilikuwa na ngozi mpya, laini kama ya mtoto mchanga, na usiku ule walikula pamoja wakicheka kama vichaa.

Asubuhi ya mtihani alimwacha mama yake anakata kitambaa kwa mkasi, anajiimbia. Profesa alimuuliza hili na lile, akajibu yote bila kusita. Alijua kuwa anafaulu. Kisha Profesa akaegemea nyuma.

"La mwisho. Kidonda kimeshajaa. Ni nini kinachoiambia nyama iache kuota?"

"Chembe zikishagusana, zinaacha kugawanyika," Daktari alijibu. "Kuna ishara zinazozizuia. Zilizomaliza kazi zinakufa zenyewe, na bila..." Hapo alijisikia anachosema. Akamaliza jibu lote, kwa usahihi, neno kwa neno, huku ubaridi unampanda mgongoni, maana mbele ya kile kiti alifundisha yote isipokuwa hilo.

"Umefaulu," Profesa alisema, na alipoona machozi akadhani ni ya furaha.

Alikimbia kutoka kituoni hadi nyumbani. Cherehani ilikuwa kimya. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, anatabasamu tabasamu la mtu asiyetaka kumtisha mtoto.

"Afadhali umekuja, Daktari. Nisaidie kuutoa mkasi huu. Kidole hakiumi hata kidogo, ila mkasi hautoki."

Nyama ya kidole, nyekundu na changa, ilikuwa imepita ndani ya mshikio wa mkasi, ikauzunguka na kukutana upande wa pili. Ilikuwa inasogea. Ukiikazia macho uliiona.

Daktari aliingia chumbani, akakiweka kiti mbele ya meza. "Karibu," alisema. "Karibu, kaa. Lile swali lako ninalo jibu lake. Nisikilize." Akafundisha jinsi nyama inavyoacha kuota, vizuri kuliko alivyowahi kufundisha kitu chochote. Akagusa kiti. Kilikuwa baridi. Akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, akimbembeleza, akimtukana, akimwomba radhi, na kiti kikabaki kiti tu.

"Daktari," mama aliita kutoka sebuleni, kwa sauti ya chini. "Imefika kiganjani."