Mwenye Kujua Kizuizi

"Izime tena, halafu iwashe," Audax alisema, amepiga magoti mbele ya meza.

"Nimezima na kuwasha mpaka kidole kinauma!" Ineza alifoka. "Saa nne wananipigia video, Audax!"

Kompyuta iliuona mtandao vizuri tu. Lakini ukiingiza nywila, kiduara kinazunguka weee, kisha inakataa.

Jamani, asubuhi hiyo Ineza alikuwa juu ya kaa la moto. Mwaka ule wa 2016 Warundi walikuwa wakivuka mpaka kuingia Ngara kila uchao, na yeye, mzaliwa wa Keza mwenye wazazi Warundi, ndiye aliyekuwa mkalimani wao. Sasa shirika la kuhudumia wakimbizi lilitaka kumsomesha ukalimani Arusha mwaka mzima. Kilichobaki ni usaili wa siku hiyo.

Na Audax je? Mchumba wake, kijana wa Ntobeye, fundi kompyuta hapo mjini. Ruta ya nyumbani, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, aliileta yeye, zawadi ya uchumba, na nywila akaweka "ndagukunda", yaani nakupenda kwa Kirundi. Tangazo lao la kwanza la ndoa lilishasomwa kanisani.

"Futa jina la mtandao, uuingize upya," alisema kwa upole.

"Nimefuta. Bado."

"Ajabu. Jana jioni si niliisafisha virusi, ikawa inashika mala moja?"

Huyo ndiye Audax, r na l kwake ni kitu kimoja. Ineza alikuwa akimtania kwa hilo, na ukweli ni kwamba alimpenda nalo.

Sebuleni dada yake, Koleta, alikuwa akicheka peke yake na simu.

"Koleta, hiyo ni bando yako?"

"Bando nitoe wapi? Natumia hii hii ya shemeji. Leo inakimbia kweli!"

Ineza akamgeukia mchumba wake. "Mbona kwa Koleta inashika?"

"Basi kompyuta yako ndiyo imekufa, mpenzi. Pole." Akamshika bega. "Hata ukikosa hiyo safali, mimi nipo."

"Sikosi! Koleta, nipe simu. Nawaomba wanipigie huko."

"Usiwasumbue watu!" Audax aliruka kusimama.

Lakini simu ilishaita. Akapokea dada Nice wa shirika.

"Dada Nice, shikamoo, ni Ineza. Kompyuta yangu imegoma. Naomba mnipigie kwa namba hii."

"Marahaba. Lakini Ineza, mbona jana usiku ulituandikia umejitoa?"

"Nimejitoa? Mimi?"

"Ngoja nikusomee. 'Nashukuru sana, ila nimeghairi kusafili kwa sababu ya ndoa.' Na kusema kweli tulishangaa. Mkalimani mzima anaandika *kusafili*, kwa l?"

Ineza alimtazama Audax, na Audax akatazama chini.

"Dada Nice, hiyo barua sikuiandika mimi. Naomba dakika chache."

Alikata simu. Sauti yake ikawa ndogo, na afadhali angepiga kelele.

"Kompyuta ilikuwa kwako jana usiku."

"Ineza, nisikilize..."

"Ifungulie."

"Nifungue nini? Nimekwambia imekufa..."

"IFUNGULIE, AUDAX!"

Audax akatoa simu yake mfukoni. Akagusa, akagusa tena. Papo hapo kompyuta ikashika mtandao, na ujumbe uliokuwa umekwama ukaanza kulia mmoja baada ya mwingine.

"Makubwa haya!" Koleta alishika mdomo.

"Niliizuia kwenye ruta," Audax alisema, machozi yakimlenga. "Yako peke yake."

"Na asubuhi yote umepiga magoti hapa unanipa pole?"

"Niliogopa! Nyinyi watu wa kukimbia, mkishaondoka hamludi."

Maneno hayo Ineza alishayasikia sokoni, shuleni, hata kisimani. Hakuwahi kuyasikia kwa mtu aliyempa moyo wake. Yalimchoma kuliko ile barua.

"Baba yangu alikimbia risasi," alisema. "Mimi nilikuwa naenda kusoma. Na ningerudi kwako, mjinga wewe! Ningerudi!"

"Nisamehe, mpenzi."

"Toka."

Audax alitoka bila hata kofia yake. Ineza alinawa uso, akaketi, akampigia tena dada Nice, akafanya usaili macho mekundu. Akawaeleza ukweli wote.

Jumamosi simu ikalia.

*Hongera Ineza. Umepita. Jiandae kusafiri. Nice.*

Alilia sana, na kilio kile hakikuwa cha furaha tupu. Jioni ukaingia ujumbe mwingine.

*Mpenzi, nipo hapa nje. Intaneti inanikataa. Umebadili nywila?*

Hakuujibu.

Jumapili kanisa lilijaa. Padri akasoma:

"Tangazo la pili. Audax Bernardo wa Ntobeye anatarajia kufunga ndoa na Ineza Manirakiza wa Keza. Mwenye kujua kizuizi chochote, amjulishe paroko."

Akageuza karatasi aendelee. Upande wa wanawake benchi likalia. Ineza alikuwa amesimama.

"Padri, mimi nakijua."

Minong'ono ikatanda. Audax akaficha uso.

"Kizuizi gani, binti yangu?"

Ineza alitaka kusema mengi. Akayameza, kwa sababu, tusidanganyane, bado alikuwa anampenda.

"Muulize yeye, Padri. Ndiye aliyekiweka."